Volkano, Dhahabu na Nguvu za Mataifa: Historia Inayopita Geita na Shinyanga

Dhahabu ya Geita na almasi ya Mwadui zote mbili chimbuko lake ni moto wa chini ya ardhi, ingawa si moto wa zama moja. Miamba inayobeba dhahabu kuanzia Geita hadi Kahama ilianza kama lava iliyomwagika chini ya bahari ya kale zaidi ya miaka bilioni 2.6 iliyopita. Almasi ya Mwadui, wilayani Kishapu, ilipandishwa juu na mlipuko wa takriban miaka milioni 52 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na binadamu wala taifa, na bado milipuko hiyo imechangia sana nafasi ya Tanzania katika biashara ya dunia. Zimekuwapo pia volkano zilizolipuka watu wakiwa tayari na wafalme, majeshi na kodi, na baadhi ziliyumbisha dola kubwa kuliko vita vingi vilivyoandikwa vitabuni. Historia hizi mbili kwa kawaida husimuliwa mbali mbali, moja na wajiolojia na nyingine na wanahistoria. Hapa zinafuatwa pamoja, kwa sababu zinakutana katika ukanda huu wa kusini mwa Ziwa Victoria.

Wataalamu hupima milipuko ya volkano kwa ngazi kuanzia 0 hadi 8. Volkano kuu, zile za ngazi ya 8, ni zinazotupa zaidi ya kilomita za ujazo 1,000 za majivu na mawe kwa mlipuko mmoja. Mara nyingi hazionekani kama mlima. Zikishatapika kiasi hicho, ardhi iliyokuwa juu ya chumba cha magma hukosa kitu cha kuishikilia na kudidimia, likabaki bonde pana linaloitwa kaldera. Ngorongoro ni kaldera ya namna hiyo, yenye upana wa karibu kilomita 20, ingawa mlipuko wake wa zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita haukufikia kundi la volkano kuu. Yellowstone ya Marekani imelipuka kwa ukubwa wa kutisha mara tatu, mara ya mwisho kama miaka 640,000 iliyopita. Toba ya Sumatra ililipuka miaka 74,000 iliyopita, nayo Taupo ya New Zealand kama miaka 25,500 iliyopita. Tangu hapo dunia haijaona mlipuko wa ngazi ya 8. Hakuna taifa lililoandika historia yake ambalo limewahi kuupitia.

Kinachodhuru mbali si lava. Lava huishia jirani na mlima, kama watu wa Goma walivyoshuhudia Nyiragongo ilipolipuka mwaka 1977, 2002 na 2021. Dhara la mbali hutoka kwenye gesi ya salfa. Mlipuko mkubwa huirusha juu kupita mawingu ya mvua, ambako hugeuka chembe ndogo za tindikali zinazorudisha angani sehemu ya mwanga wa jua. Kwa kuwa huko juu hakuna mvua ya kuzisafisha, chembe hizo hukaa mwaka mmoja hadi mitatu. Ardhi hupoa, na pepo za masika zinazotegemea tofauti ya joto kati ya bara na bahari hupungukiwa nguvu. Kwa nchi za kitropiki hilo la pili ndilo hatari kubwa, kwani mkulima wa Shinyanga hauawi na baridi, ila mvua isiponyesha hana pa kukimbilia.

Misri ya kale ilionja hatari hiyo. Mwaka 43 kabla ya Kristo volkano ya Okmok, katika visiwa vya Alaska, ililipuka kwa nguvu. Majivu yake yametambuliwa katika barafu ya kale ya Aktiki, na tarehe yake inalingana na miaka ambayo mafuriko ya mto Nile yalishindwa, mashamba ya Misri yakakosa maji na njaa ikaingia. Aliyekuwa akitawala ni Kleopatra wa 7. Kufikia mwaka 30 kabla ya Kristo Misri ilikuwa jimbo la Roma. Haitakuwa haki kusema volkano ndiyo iliyomwangusha Kleopatra, kwa maana zilikuwapo fitina, madeni na majeshi ya Roma. Lakini dola iliyokuwa ghala la ngano la Mediterania ilikuwa imepitia miaka ya ghala tupu kabla ya mapambano ya mwisho, na ghala tupu halilishi jeshi.

Urusi ilipatwa na jambo kama hilo. Februari 1600 Huaynaputina ililipuka nchini Peru. Majira ya joto ya mwaka 1601 yakawa miongoni mwa ya baridi kabisa katika karne kadhaa za kaskazini ya dunia, nafaka zikaharibiwa na baridi shambani, na njaa ya Urusi ya mwaka 1601 hadi 1603 ikaua watu wengi mno. Tsar Boris Godunov alifungua maghala ya serikali na kugawa fedha, lakini watu hawakutulia. Alifariki mwaka 1605, na nchi ikaingia katika machafuko yaliyoruhusu majeshi ya Poland kuingia Moscow. Mlipuko uliotokea upande wa pili wa dunia ulikuwa umeichosha dola ambayo haikuwa hata na habari za mlima huo.

Karne ya 20 ilileta mfano ulio wazi zaidi kuhusu nguvu za kijeshi. Juni 1991 Pinatubo ililipuka nchini Ufilipino. Karibu na mlima huo palikuwa na kambi ya anga ya Clark, moja ya kambi kubwa za Marekani nje ya nchi yake. Majivu yaliyolowa mvua ya kimbunga yalilemea mapaa hadi yakaanguka. Marekani iliamua kutoitengeneza tena na kuikabidhi kwa Ufilipino Novemba mwaka huo. Septemba Seneti ya Ufilipino ilikuwa imekataa mkataba wa kuendelea kuwapo kwa kambi ya majini ya Subic, nayo ikafungwa mwaka 1992. Hivyo karibu karne moja ya kuwapo kwa majeshi ya Marekani visiwani humo ilikoma, kwa kura za maseneta na kwa majivu kwa pamoja. Dunia nzima ilipoa kwa karibu nusu nyuzi ya Selsiasi mwaka uliofuata, na Pinatubo ilikuwa ya ngazi ya 6 tu.

Afrika Mashariki nayo ina kumbukumbu zake, nyingine zikiwa kwenye tope. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamekuta chembe za majivu ya Toba katika tope lililochimbwa kutoka sakafu ya Ziwa Nyasa, umbali wa maelfu ya kilomita kutoka Sumatra. Jambo la kufikirisha ni kwamba tabaka za tope zilizo juu ya majivu hayo hazikuonyesha baridi kali wala ukame wa miaka mingi. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba Toba karibu iwafute binadamu wote. Ushahidi wa ziwa hilo unasema kuwa angalau sehemu hii ya Afrika iliendelea kukalika. Watu wa wakati huo hawakuwa na mashamba ya kutegemea msimu mmoja wala nauli za meli, walihama wakifuata chakula. Taifa la leo haliwezi kuhama.

Mwaka 2010 volkano ndogo ya Iceland, Eyjafjallajökull, ilifunga anga ya Ulaya kwa siku kadhaa za mwezi Aprili. Hakuna chembe ya majivu iliyofika Naivasha, lakini maua na mboga za Kenya vilirundikana kwa kukosa ndege, vingine vikatupwa, na vibarua wakarudishwa nyumbani. Mlipuko ambao kwa kipimo cha volkano ni mdogo uligusa fedha za kigeni za nchi iliyo kwenye ikweta.

Ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria unasimulia upande mwingine wa jambo hili, yaani namna volkano inavyoacha mali. Wajiolojia huita miamba ya hapa miamba ya kijani, kwa sababu lava ya kale iliyokandamizwa na kupikwa upya huchukua rangi ya kijani iliyoiva. Imo katika kipande kigumu cha bara kinachoitwa Kratoni ya Tanzania, ambacho kimekaa bila kuvunjika kwa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Katikati ya lava hizo kuna tabaka za mawe ya chuma yenye mistari, myekundu na myeusi ikipishana. Dhahabu haikuja pamoja na lava. Ilikuja baadaye, ikiwa imeyeyuka katika maji ya moto yenye salfa yaliyopenya kwenye nyufa kutoka chini. Maji hayo yalipogusa mawe ya chuma, chuma kilinyakua salfa na dhahabu ikakosa cha kuishikilia, ikaganda hapo hapo. Ndiyo maana katika mashimo ya Geita, likiwamo lile kubwa la Nyankanga, dhahabu hufuatwa palipo na mawe ya chuma na mipasuko kwa pamoja.

Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Rwamgasa, mkoani Geita, wanajua hilo bila darasa. Jiwe lenye mkanda mweupe wa kwatzi na punje za manjano za salfa na chuma halitupwi. Linapandishwa kutoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, kwa kamba, linagongwa kwa nyundo, linaingizwa katika karasha lenye vyuma vinavyolisaga hadi liwe unga. Unga huo huoshwa kwa maji juu ya mwalo, ubao uliowekwa mteremko na kutandikwa magunia. Mchanga mwepesi hutiririka, mzito hubaki kwenye nyuzi. Kinachobaki hukamatwa kwa zebaki, sumu inayodhuru mishipa ya fahamu na figo za watu wengi na ambayo ingepaswa kuwa imeachwa zamani. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, huuzwa kwa wenye plenti za kuchenjulia, wanaotoa humo dhahabu iliyouponyoka mwalo. Moto wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu huishia katika kipande kinachopimwa kwa gramu na pointi, yaani sehemu za gramu.

Mwadui ni kisa cha aina nyingine kabisa. Almasi huumbwa kwa mgandamizo mkubwa, zaidi ya kilomita 150 chini, na huhitaji mlipuko wa haraka kuifikisha juu kabla haijaharibika. Mlipuko huo huja na mwamba uitwao kimbalaiti, unaopanda kwa kasi ambayo lava ya kawaida haina. Bomba la Mwadui lina eneo la hekta 146 juu ya ardhi, kubwa kuliko bomba lolote la kimbalaiti linalochimbwa kibiashara duniani. Ukubwa huo umesalia kwa sababu mmomonyoko haujakula sana ardhi ya Shinyanga, na hata sehemu ya juu ya kreta bado ipo. Kreta za aina hii hugeuka maziwa. Katika eneo la Mahenge mkoani Singida, ziwa la namna hiyo la miaka kama milioni 46 iliyopita liliacha tope jembamba lililohifadhi majani, samaki na hata mifupa ya popo. Volkano changa kabisa ya kimbalaiti inayojulikana duniani nayo imo katika kratoni hii hii, katika vilima vya Igwisi mkoani Tabora, iliyolipuka kama miaka 12,000 iliyopita. Kwa kipimo cha wanajiolojia, hiyo ni kama juzi.

Mawe haya yalipoanza kuchimbwa, nguvu iliyotokana nayo ilikwenda kwa waliokuwa na dola. Wajerumani waliikuta dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria mwishoni mwa karne ya 19, na mgodi wao wa kwanza wa maana ulikuwa Sekenke, Iramba, uliofunguliwa mwaka 1909 katika miamba ya kale ya kratoni hiyo hiyo. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia bahari na fedha kutoka Berlin zikakatika, mwaka 1916 walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli ya Tabora. Kila sarafu ilikuwa na tembo mbele ya mlima. Zilizopigwa hazikuzidi sana 16,000, na koloni lenyewe lilikuwa linawaponyoka. Hata hivyo kisa hicho kina uzito katika mada hii, kwa maana kinaonyesha dhahabu inafanya nini njia za biashara zinapofungwa: inaendelea kulipa pale ambapo karatasi imekataliwa. Lakini sarafu za Tabora hazikununua baruti wala dawa kutoka nje, kwa kuwa hapakuwa na meli ya kuzileta.

Uingereza ilipoacha kufunga sarafu yake na dhahabu mwaka 1931, na Marekani ikapandisha bei hadi dola 35 kwa wakia mwaka 1934, mashapo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa yaliyoonekana hayana faida yakawa na faida. Mgodi wa Geita ulifanya kazi kuanzia katikati ya miaka ya 1930 hadi 1966 na ulikuwa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu ya Afrika Mashariki. Machi 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, alilipata bomba la Mwadui baada ya miaka ya kutafuta kwa taabu. Mwaka 1947 almasi ya waridi ya karati 54.5 ilichimbwa hapo. Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Ilichongwa ikawa ya karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya ua la kito lililotengenezwa na Cartier. Williamson alipofariki mwaka 1958 warithi wake waliuza mgodi, ukawa wa kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika nusu kwa nusu. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa mali ya volkano ya nchi moja ikipamba dola ya nchi nyingine.

Migodi mikubwa ya sasa ilikuja baada ya sheria za miaka ya 1990 kufungua mlango kwa mitaji ya nje. Geita ilifunguliwa upya mwaka 2000, na Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001. Mapato yalikua, na manung'uniko pia. Machi 2017 serikali ya Rais John Magufuli ilizuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, kusafirishwa nje, na makontena 277 yakazuiwa bandarini Dar es Salaam. Kamati mbili, moja ya Profesa Abdulkarim Mruma na nyingine ya Profesa Nehemiah Osoro, ziliyachunguza. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya mamlaka ya nchi juu ya utajiri na rasilimali zake. Mvutano uliisha kwa makubaliano ya mwaka 2019 na kampuni ya Barrick inayochimba Bulyanhulu, yaliyozaa kampuni ya Twiga ambamo serikali ina hisa za asilimia 16. Kwa Mwadui, makubaliano ya mwaka 2021 yalilenga kupandisha hisa za serikali kutoka asilimia 25 hadi 37. Almasi ya waridi ya karati 11.15 iliyochongwa kutoka jiwe la Mwadui iliuzwa Hong Kong Oktoba 2022 kwa dola milioni 57.7. Jiwe lenyewe likiwa ghafi, la karati 32, lilikuwa limeuzwa mwaka uliotangulia kwa dola milioni 13.8. Tofauti hiyo ndiyo thamani inayokwenda kwa anayechonga.

Swali la volkano kuu kulipuka leo linaangukia juu ya historia hii. Uwezekano ni mdogo. Wataalamu wa Marekani wamekadiria kuwa nafasi ya Yellowstone kulipuka kwa ukubwa huo katika mwaka wowote ni karibu 1 kati ya 730,000. Ikitokea, majivu yangefunika sehemu kubwa ya majimbo ya nafaka ya Marekani, nchi ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakuu wa mahindi, soya na ngano. Viwanja vya ndege, nyaya za umeme na vyanzo vya maji vingeziba. Baridi ingeenea kaskazini yote, Urusi na China zikiwamo, kwa hiyo si rahisi kusema kwamba mpinzani wa Marekani angepanda moja kwa moja. Nchi zenye chakula cha ziada zingefunga milango yake, kama zilivyofanya katika misukosuko midogo ya bei ya nafaka ya mwaka 2008 na 2022. Katika dunia ya namna hiyo, mwenye ghala angekuwa na sauti kuliko mwenye manowari.

Tanzania huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano yake, ila mahindi na mpunga hulima yenyewe, na hilo ni jambo la heri. Hatari yake ingekuwa mvua. Shinyanga tayari ni kame, na imewahi kuharibiwa na ufyekaji wa misitu kwa ajili ya kuua mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, iliyoanza mwaka 1986, ilirudisha uhai wa ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ile kiangazi, hadi zikafikia mamia ya maelfu ya hekta. Wasukuma pia wana michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, vinavyokaa ghalani miezi mingi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake Shinyanga. Mambo haya hayatajwi katika mijadala ya nguvu za mataifa, na yangestahili kutajwa kabla ya dhahabu.

Jinsi mawe yenyewe yangefanya katika msukosuko ilionekana mwaka 2020, bila volkano. Ugonjwa wa korona uliposimamisha ndege na masoko, watu wenye fedha walikimbilia dhahabu, na Agosti mwaka huo bei ilivuka dola 2,000 kwa wakia. Geita ikaendelea kuchimba. Almasi ilikosa wanunuzi, na Aprili mgodi wa Mwadui ukasimamishwa, wafanyakazi wakabaki wakingoja hadi uchimbaji uliporejea mwaka 2021. Mawe mawili ya moto, mkoa mmoja na mkoa wa jirani, na majaliwa tofauti kabisa.

Hatua zilizochukuliwa kabla na baada ya hapo zinaonyesha kuwa somo hilo limesikika. Soko la madini la Geita, la kwanza nchini, lilikuwa limefunguliwa Machi 2019 ili mchimbaji mdogo auze palipo na mizani na bei inayojulikana. Kiwanda cha kusafishia dhahabu Mwanza kilizinduliwa Juni 2021 na Rais Samia Suluhu Hassan, na Geita nayo ina cha kwake. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kununua dhahabu ya ndani mwaka 2023, na tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao isafishwe nchini na kuuzwa kwa benki hiyo. Akiba hiyo hukaa pamoja na fedha za kigeni zinazolipia mafuta, mbolea na ngano.